Visu Viwili vya Mpini Mwekundu

Bongnyeo na mimi tunauguza wagonjwa kwa malipo katika wodi moja hapa Seoul, tumetenganishwa na pazia tu. Sote ni Wakorea wa Yanbian, upande wa Uchina. Tumerudi nchi ya babu zetu, lakini tukifungua kinywa lafudhi inatuumbua.

Kwa miaka miwili Bongnyeo amemuuguza Bibi Tak, aliyepooza upande mmoja. Baada ya chakula cha mchana hummenyea tufaha kwa kisu cha mpini mwekundu kinachokaa kwenye droo ya kitanda, na ganda hutoka utepe mmoja mrefu, halikatiki hadi mwisho. Bibi hucheka kwa nusu ya mdomo. Kwa siku nzima hucheka mara hiyo moja tu.

Jumapili moja binti yake, Eunjeong, alikwenda kutazama filamu mpya ya majambazi. Nami niliitazama. Wauaji wote wanaongea kwa lafudhi ya Yanbian, kama shangazi zangu. Wanaua watu kwa shoka, kisha wanakaa kula mishikaki ya kondoo mtaani Daerim, pale pale tunapokula sisi siku ya mapumziko. Nilitoka na hasira mpaka mate yakanikauka.

Jumatatu Eunjeong alikuja, akakaa akitazama mikono ya Bongnyeo ikimenya. Jumanne kisu hakikuwamo kwenye droo.

Bongnyeo alipekua matandiko, ndoo ya taka, hata viatu vyake. Akisema kimepotea, wataona kakificha. Akinyamaza, wataona vilevile. Nilimwambia ampigie Eunjeong simu, aseme ukweli. Akakataa.

"Wewe una mdomo, dada, ndiyo maana umeshafukuzwa mara saba. Mimi bibi huyu namtaka."

Akashuka dukani, akanunua kingine cha mpini mwekundu kama kile, akakiweka mahali pake.

Alhamisi Eunjeong alifungua droo akitafuta leso. Alipokiona kisu alirudi nyuma hadi ukutani. Kisha akatoa mkobani kile cha zamani, kimefungwa kwa taulo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu hakuumwa na yeyote. Alimwona nyoka kwenye filamu tu. Kwa macho yake, alikuwa amemnyang'anya muuaji kisu, na muuaji amejipatia kingine.

"Shangazi, hiki umekitoa wapi?" alimwuliza Bongnyeo.

"Nimenunua, mama. Nilidhani chenu nimekipoteza."

Eunjeong alishika simu, nikajua anatafuta namba ya wakala anayetutafutia kazi. Bibi Tak akanyoosha mkono wake mzima, akachukua tufaha mezani, akamshikisha Bongnyeo. Akaguna kama anavyoguna akitaka chake.

"Haya, mmenyee," Eunjeong alisema, akasogea akasimama kati ya Bongnyeo na mama yake, simu bado mkononi.

Bongnyeo akaanza. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Alipofika nusu aliitupia jicho simu ya Eunjeong, ganda likakatika, likaanguka kwenye blanketi.

Bibi alilitazama, kisha akamtazama binti yake. Hakucheka.