Mwanga Uliopanda Shubiri Moja

Katika gereji ya Odoyo, mtaa wa nyuma wa uwanja wa mpira Kirumba, kuna ukuta mmoja ambao hakuna anayeruhusiwa kuuegemea. Umepakwa chokaa. Kwa usawa wa kiuno cha mtu mzima umepigwa mstari mweusi kutoka upande hadi upande, na chini ya mstari huo, kwa upana wa kiganja, kuna mwingine. Gari husimamishwa hatua kumi kutoka ukutani, turubai la mlango hushushwa ili pawe giza, taa huwashwa. Kisha Odoyo huzungusha skrubu iliyo nyuma ya taa hadi ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Taa iliyokaa hapo huangaza barabara. Iliyopanda zaidi huangaza macho ya wanaokuja mbele.

Odoyo ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Shirati, akaja Mwanza akiwa na kumi na tisa, na umeme wa magari alifundishwa na Makame, fundi mkimya ambaye familia yake ilikuwa mjini hapa tangu enzi za babu yake. Makame alikuwa na sharti moja: fundi asitengeneze kile anachoambiwa na mteja, atengeneze kile alichokiona mwenyewe. Ukuta wa chokaa ulikuwa wa Makame. Odoyo aliurithi pamoja na sharti.

Jumanne moja ya Juni, saa mbili usiku, kaka yake Odoyo alianguka mtaroni.

Okwach, mwenye miaka hamsini na nne, ni dereva wa bodaboda anayeishi Buswelu. Usiku ule alikuwa amemshusha abiria Kisesa na anarudi peke yake. Gari lilimjia, akaacha kuona barabara, na kilichofuata ni majani ya mtaroni. Pikipiki ilipinda usukani tu. Yeye alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega.

Odoyo alimtembelea kesho yake na kumkuta amekaa nje, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mke wa Okwach, Awuor, alikuwa anachambua mchele.

"Karibu, shemeji," alisema. "Kaka yako anauza miguu yake."

"Anauza nini?"

"Pikipiki. Pius anakuja kuichukua Jumamosi." Pius alikuwa jirani yao.

Odoyo alimgeukia kaka yake. Kazi hiyo Okwach alikuwa ameifanya miaka kumi na mitatu, na hakuwa na nyingine.

"Macho yameisha, Odoyo," Okwach alisema. "Yule mwenye gari hakuwasha fulu, nina uhakika. Fulu naijua, inakupiga usoni kote. Ile ilikuwa dimu ya kawaida, taa ya chini, na bado nikaona weupe mtupu, kama mtu amenimwagia unga. Dimu ikikushinda, uendeshe nini tena?"

"Gari uliliona?"

"Lilipokuwa linakuja, sikuona kitu. Lilipopita nikageuza kichwa, nikiwa kule kule chini. Taa mbili nyekundu, na katikati jina. RAYA."

"Lilikuwa limefika wapi ulipolisoma?"

"Hatua thelathini. Arobaini."

"Usiku, umevunjika mfupa, ukasoma jina kwa hatua arobaini."

"Basi macho yake yanafanya kazi akishaanguka," Awuor alisema.

Okwach hakucheka. Odoyo naye hakucheka, kwa sababu nyingine. Raya ni kanta, lori dogo, inayobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni kwenda mpakani Sirari. Ni ya Mwanabaraka, mfanyabiashara wa siku nyingi pale sokoni, aliyeipa jina la binti yake wa kwanza. Na siku tatu kabla ya ajali, Jumamosi, Odoyo mwenyewe ndiye aliyezipima taa zake ukutani. Hakulisema hilo pale Buswelu. Alisema tu kwamba Pius asiharakishe, akaondoka.

Alhamisi alimwita dereva wa Raya, Luhende, alete gari. Turubai likashushwa, taa zikawashwa. Mwanga ulikaa kwenye mstari wa chini bila kupotoka hata unene wa kidole. Odoyo alilirudisha gari nyuma, akalileta tena, akapima upya. Ni pale pale.

"Ngosha," alimwambia Luhende, kama Wasukuma wengi wanavyoitwa mjini, "ukikutana na watu usiku unawasha fulu?"

"Mimi? Nina dimu toka nitoke Kirumba, fundi. Sina ugomvi na mtu."

"Na hawakupigii taa?"

"Wananipigia sana. Watu wa barabara ile wana roho nzuri."

"Roho nzuri vipi?"

"Wananitonya kwamba kuna trafiki mbele. Mtu akinipigia taa napunguza mwendo, navuta mkanda, nakaa kistaarabu."

"Na hao trafiki unawakuta?"

Luhende alifikiri. "Siku mojamoja. Mara nyingi nakuta wameshaondoka."

"Jumanne walikupigia wangapi?"

"Kutoka Nyakato mpaka Magu? Ishirini. Labda zaidi. Nikasema leo trafiki wote wa mkoa wamehamia huku."

Odoyo aliketi juu ya tairi. Kupigiana taa ili kuonyana juu ya trafiki ni desturi ya madereva wa nchi nzima, na Luhende hakuwa mjinga kuielewa hivyo. Ila desturi hiyo hiyo ilikuwa imeyafunika malalamiko ya watu ishirini kwa usiku mmoja, na huenda ya miezi mingi.

"Na unaporudi usiku?"

"Kurudi? Hata mmoja. Kurudi barabara kimya kabisa."

"Barabara ni ile ile, taa ni zile zile," Odoyo alisema polepole. "Kwenda una nini, na kurudi una nini?"

"Kwenda nina dagaa. Kurudi nina njaa."

Odoyo aliinuka kulitazama gari upya, safari hii kwa ubavu. Dagaa mkavu ni mwepesi kwa ujazo wake, kwa hiyo wenye kanta za Mwaloni huwapa wachomeleaji kazi ya kurefusha bodi ili magunia mengi zaidi yapate nafasi. Bodi ya Raya ilikuwa imepita magurudumu ya nyuma kwa zaidi ya mita moja na nusu. Magunia yakijaa kule mwishoni, mkia unashuka. Mkia ukishuka, pua inapanda, na taa ziko puani. Mafundi wote wa Kirumba wanazijua bodi hizo. Hakuna aliyewahi kupima taa za magari hayo yakiwa na mzigo, kwa sababu gari lenye mzigo haliji gereji. Linakwenda safari.

Lakini hayo yalikuwa mawazo tu. Hakuwa ameyaona.

Ijumaa, jua lilipokuwa linazama, alifika Mwaloni akiwa na futi ya kupimia na kipande cha mkaa. Raya ilikuwa imeshapakiwa magunia tisini. Mwanabaraka alisimama pembeni na daftari lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Luhende ameniambia unataka kulipima gari langu likiwa limebeba. Dagaa wangu hawangoji elimu, fundi."

"Nusu saa, Mama Raya."

"Nusu saa ya fundi inaanza saa ngapi?"

Odoyo alipomweleza kuhusu Okwach, Mwanabaraka alifunga daftari na kumwambia Luhende alisogeze gari mbele ya ukuta wa ghala. Odoyo alichora mistari miwili kwa mkaa, kwa vipimo vile vile vya gereji, akahesabu hatua kumi. Giza lilikuwa limeanza kukolea. Wapagazi waliomaliza kazi walikaa juu ya magunia kutazama.

"Leo ni senema gani?" mmoja aliuliza.

"Ya Kijaluo," mwenzake akajibu, akimnyooshea Odoyo kidevu. "Itakuwa ndefu, na nguo nzuri."

Luhende aliwasha dimu. Ukingo wa mwanga haukukaa kwenye mstari wa chini. Haukukaa hata kwenye mstari wa juu. Odoyo aliweka mkono ukutani na kupima: kutoka mahali ulipotakiwa kuwa, mwanga ulikuwa umepanda shubiri moja kamili.

Shubiri moja si kitu ukutani. Lakini mwanga unaoelekea juu huzidi kupanda kadiri unavyokwenda. Odoyo alipiga hesabu kwa mkaa pale pale: kwa hatua sitini, umefika usawa wa uso wa mtu aliyeketi juu ya pikipiki.

"Fundi," Luhende aliita kutoka kwenye kiti cha dereva. "Kuna hiki kidude cha kuzungusha, kimeandikwa sifuri, moja, mbili, tatu. Nilikuuliza zamani kazi yake nini, ukaniambia nisihangaike nacho. Si ndicho cha taa?"

Odoyo aliweka mkaa chini. Kisha alifungua kifuniko cha mbele, akaingiza mkono nyuma ya taa ya kulia, akamulika kwa simu. Kiwandani, nyuma ya taa ya namna ile huwekwa mota ndogo. Dereva akipakia mzigo anazungusha namba, na mota inaishusha taa. Mahali pa mota palikuwa na skrubu ndefu. Waya zake zilikuwa zimekatwa na kufungwa kwa utepe mweusi, ncha ya utepe imekunjwa kwa ndani, kama Makame alivyofundisha.

Aliikumbuka kazi hiyo. Miaka miwili nyuma Raya iligonga ng'ombe karibu na Bunda, taa zote mbili zikavunjika. Zilizopatikana mtumba zilikuja bila mota. Alikata, akafunga, akazikaza kwa skrubu, na ukutani zikakaa vizuri.

Mwanabaraka alikuwa amesogea. Aliuangalia utepe, kisha akamwangalia yeye.

"Ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Basi usiniombe radhi mimi," alisema. "Mimi sikuanguka."

Odoyo alitazama saa. Pius angefika Buswelu asubuhi. Alimpigia Awuor simu, akamwomba amlete mumewe Mwaloni kwa bajaji, usiku huo huo. Kisha akamwomba Mwanabaraka amwachie gari kwa saa moja zaidi.

"Dagaa wameshakauka," mama alisema. "Hawataoza."

Okwach alifika akilalamikia mashimo yote ya njiani kwa majina. Odoyo hakumweleza kitu kwanza, maana alitaka jibu ambalo halijachanganyika na hasira. Aliazima pikipiki ya kijana mmoja wa pale, akaisimamisha kwa stendi kwenye uwanja mtupu wa kuanikia dagaa, hatua sitini mbele ya Raya, akamketisha kaka yake juu yake.

"Niambie unaona nini."

Luhende aliwasha. Okwach aliinua mkono wake mzima mbele ya uso.

"Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo hiyo. Mwambie azime."

"Namba ya gari?"

"Namba gani, Odoyo, mimi sioni hata gari."

Odoyo alirudi kwenye kanta, akazungusha skrubu ya kulia mara nne, ya kushoto mara nne, akautazama mwanga ukilala chini, ukiliangaza vumbi la uwanja na kuviacha vichwa vya watu gizani. Kisha akapaza sauti, akauliza tena.

Okwach alishusha mkono. Halafu alianza kusoma namba ya gari, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi mwisho. Akaendelea bila kuulizwa: bampa imepinda upande wa kushoto, dereva ana kofia, na yule mama ana daftari.

Awuor, aliyekuwa amesimama karibu naye, alijifuta uso kwa ncha ya kanga na kusema kwamba bajaji ilikuwa na vumbi sana.

Odoyo alitembea zile hatua sitini akiwa na waya iliyokatwa mkononi, utepe ukiwa bado umeufunika mwisho wake. Alieleza yote: ng'ombe, taa za mtumba, mota, skrubu, ukuta. Hakuanza na sababu. Alianza na kwamba ni yeye.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenitupa mtaroni," Okwach alisema.

"Ni kazi ya mkono wangu, kaka."

"Siku tatu nimekaa nje nawaangalia kuku, nafunga jicho moja, nafungua, nafunga lingine. Nikisema, lipi limekufa kwanza. Na wewe ulikuja ukanywa chai."

"Sikuwa nimejua. Nilikuwa nahofia tu."

Okwach aliigeuza waya, akauona utepe, akairudisha. Bado alikuwa juu ya pikipiki ya watu.

"Ziko ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Kanta ulizozikata hicho kidude."

Odoyo alihesabu kimoyomoyo, akataja majina mawili matatu, akaanza upya. "Kumi na moja. Nne hazina mzigo mkubwa, lakini nimezikata."

"Zote zinapita barabara niliyopita mimi?"

"Nyingi."

"Awuor, mpigie Pius. Mwambie asije." Aliteremka kwa shida, akikataa mkono wa mdogo wake. "Lakini sikiliza, bwana mdogo. Mfupa huu ukipona sitapanda pikipiki usiku mpaka uniambie zote kumi na moja zimekwisha. Si kumi."

Usiku ule Odoyo alichora kwa rangi alama mbili kwenye kila skrubu ya Raya, moja ya safari ya dagaa na moja ya safari ya njaa, akampa Luhende bisibisi. Mota alizipata mwezi uliofuata. Siku hizi magari ya mzigo huwa anayafuata Mwaloni jioni, yakishapakiwa, na ukuta wa ghala nao umepakwa chokaa kwa ruhusa ya mwenye ghala.

Mtulinga uliunga kwa wiki saba. Kanta zilikuwa zimebaki mbili bila kurekebishwa: moja ilikuwa imeuzwa Bukoba, na ya pili mwenye nayo alikuwa hapokei simu. Mchana Okwach alirudi kazini. Jua likizama aliiegesha pikipiki uani, akaifunika turubai, na kuzisubiri zote mbili.