Kiu ya Zainabu

Nakumbuka alasiri moja ya Ramadhani, mwanangu, ndio kwanza nimeanza kazi katika chumba cha upasuaji, huku kwetu Malindi. Tulikuwa tukimzalisha kwa upasuaji Zainabu, mshona kofia wa Mambrui. Alikuwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho, nami nilisimama kichwani pake kumliwaza. Mtoto alitoka akilia, wa kike, tukafurahi sote.

Kisha Zainabu akaniambia ana kiu. Mwezi ule nani hakuwa na kiu? Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, koo limenikauka. Nikamtania kwamba magharibi haiko mbali, na mamake yuko nje na dafu lake. Akapiga miayo. Akarudia kwamba ana kiu, akawa anageuza kichwa huku na huku, hatulii. Nilitazama chupa ya kufyonzea damu, nikaona iliyomo ni kidogo, moyo wangu ukatua.

Sista Kadzo, mkubwa wetu kazini, aliingia kuleta shashi za kufutia damu. Alimgusa Zainabu paji la uso, akakuta jasho la baridi. Hakuuliza mtu. Aliinua shuka upande wa miguu, na damu ilikuwa imetuama chini yake, imelowesha godoro.

Daktari alifanya kila alichoweza, na damu ya kumwongeza ikaletwa mbio, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Zainabu alitufia mikononi.

Sista Kadzo hakunigombeza. Aliniambia taratibu, "Yeye alikwambia, mwanangu. Wewe ukamsikiliza kwa koo lako."

Nje, mamake alikuwa amesimama na dafu lishatobolewa. "Nimpelekee sasa, mwanangu?" akaniuliza. Nikalia mbele yake. Mpaka leo huzuni ile haijanitoka.

Basi wewe unayeingia chumba kile, dalili ya mvua ni mawingu. Mgonjwa akisema ana kiu, akipiga miayo, akikosa utulivu, jasho likiwa baridi na mapigo yakienda mbio, usimtanie. Chupa haisemi yote. Inua shuka utazame chini, zishike shashi uone zilivyolowa, kisha sema kwa sauti, hata kama daktari ni rika la babako. Kusema hapo si utovu wa adabu.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa, na kila mama utakayempokea mlangoni, umrudishe kwa mamake, anywe dafu lake kwa mkono wake mwenyewe.