Mama na Choo cha Nyumbani Kwangu

Mama alipoteguka mguu, tulimtoa kijijini Shishiyu tukamleta kwetu mjini Bariadi. Mume wangu alimpa chumba kizuri kuliko vyote, kinachotazamana na choo cha ndani, sebule ikiwa katikati, ili asihangaike kutembea. Tulidhani tumemtendea wema.

Haukupita muda mrefu akaanza kukataa chakula. Matonge mawili, sahani anaisukuma. Tumbo likajaa, likawa gumu, na mara nyingine nilimkuta amejikunja kitandani, meno ameyauma.

"Ni uzee tu, mwanangu," alisema.

Shangazi yangu alifariki kwa uvimbe wa tumbo, na ulimwanza hivyohivyo. Niliacha uji jikoni, nikamwambia mama twende hospitali.

Hospitali tulimkuta daktari, binti mdogo kuliko mimi. Akamminya tumbo, kisha akamuuliza alipata choo lini kwa mara ya mwisho. Mama akatazama ukuta. Daktari akainuka, akafunga mlango, akarudi na Kisukuma chake. Mayu, mama yangu, alimwambia, humu tumo wanawake watupu.

Ndipo mama akasema. "Mkwe wangu anakaa sebuleni. Nipite mbele yake niingie chooni, anisikie? Bora nibane. Na maji nimeacha kunywa, haja isinisumbue."

Kwetu mtu na mkwewe hata njiani hupishana kwa mbali, na mimi nilikuwa nimemweka mama mlango kwa mlango na aibu yake.

Daktari hakucheka. Alimpima kwa mashine, akatazama kwa makini, akasema, "Hakuna uvimbe. Choo kimekauka. Ukikibana, utumbo unaendelea kukinyonya maji mpaka kinakuwa kama jiwe. Halafu maji hunywi, na kutwa nzima umekaa. Kijijini ulikuwa unakula nini?"

"Ugali wa mtama. Mlenda. Viazi."

"Na mjini?"

"Sembe," mama alisema, "na nyama."

Daktari akampa dawa ya kulainisha choo, akamwagiza arudie vyakula vyake, anywe maji, atembee kidogo uani, na haja ikimwita asiikatalie. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikalia na kucheka kwa pamoja.

Kumweleza mume wangu ndiko kulikonitisha. Alisikiliza, akakuna kichwa. "Sasa mbona hamkuniambia?" Kesho yake akaleta fundi. Choo cha zamani cha nyuma ya nyumba kikapata bati jipya, mlango wenye komeo, na mti imara wa kushikilia kwa ajili ya mguu wa mama. Kazi ilipokuwa ikiendelea, yeye alihamishia chai yake dukani kwa jirani, asubuhi na jioni, ili mama aingie choo cha ndani bila kuonekana.

Siku moja nilikuwa nachambua mlenda uani, mama akatoka kule nyuma akitembea polepole na fimbo yake. Uso ulikuwa umenawiri.

"Vipi, mama?"

"Acha tu, mwanangu. Nimezaliwa upya. Ugali umeiva?"

Nilimpigia mume wangu simu palepale. "Mambo yamekuwa mazuri," nikasema, na yeye akaelewa. Nikamsikia akiwatangazia wanaume wenzake pale dukani, kwa sauti ya furaha, kwamba mama mkwe wake hajambo kabisa. Walipomuuliza alikuwa anaumwa nini, akawaambia ni mguu.