Jina Lisilotafutika

Ukoo wetu una kundi la simu. Kabla ya kitabu kile lilikuwa kundi la salamu za Ijumaa, taarifa za misiba na picha za watoto waliohitimu. Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, ndiye aliyelianzisha, na ndiye aliyenipigia siku moja kunieleza kwamba wazee wamekaa Ngamiani wakakubaliana niandike kitabu cha ukoo.

"Wewe ndiye kazi yako vitabu," alisema. "Tuandikie, tusije tukafa na majina yetu."

Ni kweli kazi yangu ni vitabu, ingawa siviandiki. Nakaa Chumbageni, nina kompyuta na meza karibu na dirisha, na watu huniletea maandishi yao niyapange yawe kurasa. Nachagua herufi, napima nafasi, nasahihisha, kisha natoa PDF ambayo mwenyewe huipeleka kwa mpiga chapa au huisambaza kwa simu. Kazi naijua, na najua kwamba naijua. Mtu akinionyesha kitabu kilichopangwa ovyo, mimi hukirudisha kwa vidole viwili kama aliyeshika samaki aliyeoza.

Nilianza kuzunguka kwa wazee. Wengi walikuwa Ngamiani, umbali wa kutembea. Safari moja tu ndiyo ilikuwa ndefu, nayo ni ya Ushongo.

Babu yetu alioa wake wawili. Wa kwanza ni bibi yangu mimi, wa Ngamiani. Wa pili alimwoa Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani, akamwacha akaishi huko huko kwao. Nyumbani kwetu hakutajwa kwa jina. Aliitwa "yule wa Ushongo", na wanawe waliitwa "wale wa Ushongo", hata walipokuja kwenye misiba wakakesha nasi, wakapika, wakaosha masufuria. Zipo picha za familia za miaka hiyo. Wao hawamo, kwa sababu wakati wa kupiga picha walikuwa jikoni, na hakuna aliyekwenda kuwaita. Bibi huyo amekwisha kufariki. Aliacha binti mmoja, ambaye ni shangazi yangu, na shangazi naye ana binti, binamu yangu, mkubwa kwangu kidogo. Mimi humwita dada.

Nilipofika kwao shangazi alinitandikia mkeka barazani. Alinisimulia mama yake alivyokuwa akisuka ukili na kupeleka mikeka kuuza Pangani mjini, na jinsi alivyokuwa hamsemi vibaya mke mwenzake hata siku moja. Nilirekodi yote kwenye simu. Nilipoaga akaniuliza, akiwa ametazama pembeni, kana kwamba ni jambo dogo:

"Na mama yangu utamtia, mwanangu? Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake, shangazi. Na la baba yake pia."

Nilimtia. Hilo nataka lijulikane, kwa sababu ndilo nililojifichia baadaye. Nilimpa ukurasa mzima.

Kazi ya kuchagua herufi niliifurahia kuliko zote. Nilikuwa nimepata fonti moja nzuri ajabu, ya bure, mtandaoni, sijui ilitengenezwa na nani. Uzuri wake ulikuwa katika maungio. F na i zilipokutana hazikukaa mbalimbali kama wapangaji wasiosalimiana. Kichwa cha f kiliinama mbele kikaimeza nukta ya i, zikawa umbo moja. Maneno kama "kofia" na "alifika" yalipendeza mpaka nikawa nayatazama tu. Nikatoa PDF, nikaipitia ukurasa kwa ukurasa kwa macho. Haikuwa na dosari. Ijumaa baada ya sala nikaituma kwenye kundi, nikaandika chini yake: "Kitabu ni kirefu. Ukitaka mtu wako, andika jina lake kwenye kitafutio, atatokea."

Sifa zilimiminika. Ami alituma sauti ya dua. Ndugu zetu walioko Maskati waliandika mashaallah mfululizo. Nilikaa na simu mkononi nikisoma kila moja, chakula cha mchana kikapoa.

Kisha ukaingia ujumbe wa dada wa Ushongo.

"Assalaam alaykum. Hongereni kwa kitabu. Tumemtafuta bibi yetu kwa jina lake, simu imesema hayupo. Tumemtafuta babu, yumo kila mahali. Basi tumeelewa. Mama anawasalimu."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Ukurasa mzima niliompa! Safari yote ile! Nikajibu papo hapo, mbele ya ukoo mzima: "Wa alaykum salaam dada. Bibi yumo. Mtu asiyejua kutumia simu ni bora aulize kuliko kulaumu waliofanya kazi."

Ami akaongeza: "Huko kwao mtandao unafika kweli?"

Watu wakaanza kuweka zile sura za njano zinazolia kwa kicheko. Moja, mbili, safu nzima. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaweka yangu. Haikupita muda mstari mdogo ukatokea kutujulisha kwamba dada ametoka kwenye kundi.

Nilipoifungua PDF haikuwa kwa sababu nilikuwa na shaka. Niliifungua ili nipige picha ya kioo kinachoonyesha jina limepatikana, niiweke kundini nimmalize kabisa. Nikaandika jina la bibi kwenye kitafutio, nikabonyeza.

Hayupo.

Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika tena polepole, kwa kidole kimoja. Hayupo. Nikashuka kwa mkono mpaka ukurasa wake, na jina lilikuwa pale, kubwa, zuri, juu ya habari zake. Nikalichagua, nikalinakili, nikalibandika mahali pengine. Lilitoka limevunjika. Mwanzo ulikuwepo, mwisho ulikuwepo, katikati palikuwa na kisanduku kitupu. Jina la bibi yule lina f na i katikati.

Hapo nikaelewa. Herufi katika PDF zina sura mbili. Moja ni ile tunayoiona, nyingine iko nyuma yake, nayo ndiyo inayoiambia mashine kwamba mchoro huu ni f, ule ni i. Lile umbo la maungio lilikuwa na mchoro tu, nyuma yake hapakuandikwa kitu. Jicho liliona f na i. Mashine iliona doa. Nikatafuta "alifika" katika kitabu kizima. Hakuna aliyefika. Nikatafuta "aliyefiwa". Hakuna aliyefiwa. Jina la babu halina fi, wala la bibi wa Ngamiani, wala la ami, wala langu. Sisi sote tulikuwa tunatafutika.

Watu huniuliza, sasa si wangeshuka tu kurasa wakamwona? Wangemwona. Lakini mtu aliyezoea kusahauliwa akishaambiwa mara moja kwamba hayumo hatafuti mara ya pili. Alikwishalijua jibu kabla ya kuuliza.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Nilizima yale maungio, nikatoa PDF upya, nikajaribu kila jina kwa simu yangu mwenyewe, jambo ambalo ningelifanya kabla ya Ijumaa ile kama si kujiona. Kisha nikafanya kitu kinachonichoma hata kuliko ile sura ya kicheko. Nikaituma PDF mpya kundini na maneno haya: "Toleo lililoboreshwa. Tafadhali futeni la awali." Nikanyamaza hapo. Wakanishukuru! Mmoja akaandika kwamba sichoki kutafuta ubora.

Nilikaa na shukrani hizo siku kadhaa. Nilimpigia dada, hakupokea. Nilimpigia shangazi, simu ikaita mpaka ikakatika. Mume wangu alinitazama nikiizungukia simu akasema, "Ushongo si mbali hivyo." Nikafunga safari.

Nilivuka Pangani kwa kivuko, nikachukua bodaboda upande wa Bweni, na njia nzima nilikuwa napanga maelezo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: fonti, maungio, mchoro, mashine. Shangazi nilimkuta barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karibu." Hakuacha kupepeta. Dada alitoka ndani, akanisalimia kwa mkono, akasimama mlangoni.

Nikaeleza. Nikatoa simu, nikampa dada. "Dada, andika jina la bibi hapo."

Aliandika bila haraka. Jina likatokea, limepakwa rangi ya njano. Akampelekea mama yake, akalisoma kwa sauti, kisha akamsomea ukurasa wote: ukili, mikeka, safari za Pangani mjini. Shangazi alisikiliza ungo ukiwa umetulia magotini. Dada alipomaliza nikangoja tabasamu la shangazi. Nadhani nilikuwa nimelifuata hilo.

"Umemwandika vizuri," alisema shangazi. "Mungu akulipe. Na habari ya herufi nimeielewa, ni kosa la mashine."

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini mashine haikucheka, mwanangu. Mlicheka nyinyi."

Yale niliyoyapanga njiani hayakuwa na mahali pa kuingia. Machozi yalinijia, nikaona aibu hata kuyatoa, maana nani kati yetu ndiye wa kuliliwa? Nikaangalia chini, kwenye mkeka. Dada aliingia ndani. Aliniletea maji ya kunywa, na ukarimu ule ulikuwa mzito kuliko kama angenitukana.

"Nakuombeni radhi," nikasema mwishowe.

"Mimi umeniomba, nimekupa," alisema shangazi. "Mwenzio ulimwita mjinga mbele za watu. Huku barazani tuko watatu tu."

Nikaelewa. Nikachukua simu pale pale, nikarekodi sauti kwenye kundi. Nilisema kitabu nilichotuma Ijumaa kilikuwa kibovu na ubovu ni wangu, sikukijaribu. Nikasema dada alitafuta sawasawa na alichotuambia kilikuwa kweli, na mimi nikamjibu kwa kiburi, nikamcheka. Nikasema nilipokiita kile cha pili toleo lililoboreshwa nilikuwa naficha. Nikasema bibi yetu wa Ushongo, nikamtaja kwa jina lake kamili. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa mdomo.

Sifa za kitabu zilikuwa zimekuja mbio, lakini hii ilisikilizwa na watu wengi bila jibu hata moja. Jioni, nikiwa nimerudi nyumbani, ami akanipigia.

"Kosa la kompyuta lingetosha," alisema. "Umetuvua nguo sote."

"Tulikuwa tumezivua wenyewe, ami."

Akakata simu. Mpaka leo tunasalimiana, shikamoo na marahaba, na haendelei zaidi ya hapo. Kitabu kile kibovu nacho hakikufa. Huwezi kukiita kirudi. Juzi ndugu mmoja wa Maskati alimtumia mwanawe, na mtoto akaniandikia kuuliza kwa nini hamwoni bibi wa pili wa ukoo. Nilimjibu kwa urefu na kumtumia kilicho sahihi, uso ukiniwaka moto nikiwa peke yangu chumbani.

Dada hakurudi kundini. Aliongezwa, akatoka. Lakini mwaka huu kulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yetu hapa Chumbageni, na wao wakaja, yeye na mama yake. Shangazi safari hii alikalishwa sebuleni na wakubwa. Sijui ni nani aliyeagiza hivyo, na sikuthubutu kuuliza. Dada nilimkuta uani na wanawake wengine, wanachambua mchele wa pilau. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu yake, nikachukua sinia. Tulichambua, mawe huku, chuya kule. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia na kila nililolipata lilinitia haya.

"Sogea kidogo, mdogo wangu," alisema bila kuinua macho. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea. Akanimiminia mchele mwingine kwenye sinia.