Kiti cha Pili cha Kinyozi

Kisa hiki hutakiamini, na sikulaumu. Hata mimi nisingekiamini kama mwenye kisa asingekuwa mpwa wangu, tena mpwa aliyerithi akili zangu. Ni kinyozi. Chumba chake kinatazamana na ofisi kubwa ya serikali, barabara tu katikati, kina vioo viwili na viti viwili vya kuzunguka. Kwenye cha kwanza ananyolea yeye. Kwenye cha pili ananyolea mdogo wake, mama wa mapacha ambao baba yao alitoka kwenda kununua vocha na mpaka leo bado anachagua mtandao.

Basi uchumi ukaugua. Serikali, kama daktari mwenye roho nzuri, ikaja kitandani, ikamvua mgonjwa blanketi, ikamnyang'anya uji, ikamwambia: sasa utapona. Dawa hiyo ikaitwa kubana matumizi. Makarani wa ng'ambo ya barabara wakakatwa mishahara. Kichwa kilichokuwa kikija kila Ijumaa kikawa kinaonekana mara moja kwa mwezi, tena kwa aibu. Mama wa chai pale getini akapunguza maziwa, kisha majani, akabaki anauza maji ya moto yenye matumaini. Fundi viatu akakosa viatu, akafuga ndevu, na ndevu zile kwa haki zilikuwa za mpwa wangu. Wote hao ni walipa kodi. Serikali ilipoona kodi imepungua ilishangaa sana, ikaamua, kwa busara ile ile, kubana tena.

Mkuu wa kamati ya kubana pale ofisini alikuwa mhasibu, mteja wa miaka yote. Akishakaa kitini, povu limemjaa kidevuni, hushikwa na ugonjwa wa kutoa ushauri.

"Dada, na wewe bana. Hicho kiti cha pili cha nini?"

"Na mdogo wangu?"

"Asubiri uchumi upone."

"Na mapacha nao wasubiri kula?"

"Aa, usichanganye uchumi na mambo ya jikoni."

Siku hiyo hiyo mhasibu akazua jambo. Kazi yake ni nyuma ya dirisha la kuhudumia watu. Wananchi humwona uso na paji, basi.

"Nyoa mbele tu," akasema. "Nyuma nani ananiona? Nusu kichwa, nusu bei."

Mpwa wangu akanyoa nusu. Haikupita wiki ofisi nzima ikaiga, wakauita mkato wa dirishani. Mbele bwana harusi. Nyuma, samahani, shamba la marehemu lenye kesi mahakamani.

Sasa nusu kazi haihitaji viti viwili. Mpwa wangu akawa anapiga pasi vitambaa visivyo na shingo za kuvaa, huku akimtazama mdogo wake akifuta kioo kilichokwisha kung'aa. Mwisho akamwita kinyozi wa mtaa wa pili aje akinunue kiti. Mdogo mtu hakulia. Alikitia mafuta kwenye chuma ili kimzungukie vizuri huyo atakayekifanyia kazi. Hilo ndilo lililomchoma dada mtu.

Mkokoteni ulifika asubuhi ile ile ambayo mkubwa kutoka makao makuu alikuja kuipongeza ofisi kwa kubana kuliko ofisi zote. Makarani wakajipanga uani kwa ajili ya picha, nyuso zikielekea geti la mbele. Lakini geti la mbele lilikuwa na kufuli. Mlinzi wake alibanwa mwezi uliopita, kwa saini ya mhasibu. Mkubwa akazunguka, akaingia kwa nyuma, akapokewa na visogo.

Sauti yake ikasikika mpaka kwa kinyozi:

"Hii ni ofisi au zizi? Mkanyolewe wote, sasa hivi! Picha saa nane!"

Kufuli likavunjwa, ofisi nzima ikavuka barabara. Mhasibu mbele, ameziba kisogo kwa mikono miwili kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akakuta kiti cha pili kimeshapanda mkokoteni, miguu juu.

"Dada! Mnakipeleka wapi?"

"Nabana matumizi."

"Kishusheni! Kishusheni haraka!"

"Si uliniambia mwenyewe nikiuze?"

"Nilisema kwa faida ya taifa."

"Na leo?"

"Leo ni kisogo changu, dada yangu."

"Na mimi niliyekodi mkokoteni?" akalalamika yule mnunuzi.

"Wewe shika foleni," mdogo mtu akamjibu, aproni ameshaifunga. "Nywele zako zenyewe zinatisha."

Kiti kikashuka, na hakijatoka tena, maana mkubwa aliamuru visogo vikaguliwe kila wiki mbili. Mishahara hakuigusa, asije akaharibu dawa. Serikali nayo ilijifunza sana: iliunda kamati ya kuchunguza nywele ziliwezaje kuota kipindi cha kubana.

Ila kisogo cha mhasibu, jamani, kilikuwa pori. Mashine iliingia ikazimika mara tatu. Mdogo mtu akapitisha chanuo, akatoa kalamu mbili, mhuri wa ofisi, na kuku aliyekuwa ameatamia mayai sa—

"Mjomba!" Ni mpwa wangu huyo, ananinyoa huku anasoma ninachoandika. "Kuku wa wapi? Ilikuwa kalamu moja, tena ilikuwa sikioni."

"Haya, kalamu moja. Lakini ile foleni je? Si ilivuka barabara, ikapita sokoni, ikazunguka uwanja wa mpira, ikafika mpaka—"

"Mjomba."