Picha ya Pampas za Mama Yangu Iko Kwenye Grupu la Mtaa

Admin, nifichie jina na mtaa usiutaje. Mie ni mwanamke wa miaka 43, naishi huku pembezoni mwa Temeke, nyumba nimejenga mwenyewe kwa kuuza mitumba. Naishi na mama yangu. Ana kiharusi, anavaa pampas za watu wazima, tano kwa siku. Gari la taka linatakiwa kupita kila wiki, likipita mara mbili kwa mwezi tunashukuru. Piga hesabu: pampas sabini na tano zinanisubiri uani, na jua hili la Dar. Na gari likija wabebaji wananigomea. "Sista, haja ya mtu mzima hatubebi."

Kosa langu nalisema. Siku ya mvua kubwa nilitupa mfuko mmoja mtaroni, kama majirani. Dirishani kwangu naona nyumba kumi na nne. Tisa humwaga taka mvua ikinyesha, na ya mjumbe wetu wa serikali ya mtaa imo.

Mfuko wangu ukanasa kwenye kalavati. Mjumbe akaufungua kwa fimbo mbele za watu, akakuta bahasha ya dawa yenye jina la mama. Akapiga picha, jina linasomeka, pampas ziko wazi, akaiweka kwenye grupu la mtaa: "Mwenye mzigo ajitokeze." Watu wakacheka. "Kumbe mtaani tuna kichanga cha kilo themanini!" "Hongera bibi, mtoto anajua kunya!"

Faini nililipa siku ileile, sikubishana. Nikamwomba mjumbe afute picha. Akanijibu, "Dada, iache, wengine wajifunze."

Jirani mmoja akaja kumpa mama pole, akamwonyesha kwenye simu. Mama hakulia. Tangu siku hiyo anakunywa kikombe kimoja cha maji kutwa nzima, nikimbembeleza anafunga mdomo. Pampas sasa ni mbili, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Jana kaniambia, "Mwanangu, nirudishe kwetu, nisikuchafulie jina." Kwetu hakuna hata mtu wa kumgeuza kitandani.

Picha za zile nyumba tisa nilizipiga, ninazo. Naweza kuzimwaga grupuni leo hii, tuumbuke wote. Ila mama hatakunywa maji kwa kuonyeshwa taka za mke wa mjumbe.

Nyie mnaouguza wazazi, nishaurini. Huyu mama nimnyweshe vipi maji?