Nusu ya Buni Kutoka Nyakakika

Niliondoka Tanga na shati moja la heshima, shairi moja la zamani, na kikopo cha filamu chenye nusu ya buni iliyokauka. Nilikuwa nakwenda Karagwe, kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki Profesa Bitegeko, aliyenifundisha fasihi chuo kikuu. Familia iliwaomba wanafunzi wake wa zamani waje kusoma mashairi. Mimi nilikuwa na langu pia: nilitaka kujua kama mzee alikufa akinidharau.

Nieleze mapema. Miaka kumi na tisa iliyopita, mbele ya darasa zima, Profesa alisema shairi langu linasinzisha. Nikamjibu kwamba wazee wenye usingizi wakalale, nikatoka na kuubamiza mlango. Baada ya likizo akanitumia kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na nusu ya buni, bila barua. Nikajiona nimeelewa: kahawa ya kuniamsha mimi na mashairi yangu! Nikabadilisha msimamizi, na sikumsemesha tena. Buni yenyewe sikuitupa. Nadhani hasira nayo hupenda kuwa na kitu cha kushika.

Siku ya pili jioni, Kayanga, mji mkuu wa Karagwe. Nilishuka stendi miguu imevimba, na baridi ikanicheka mtu wa pwani niliyekuja bila sweta. Nilipokewa na Mzee Athumani, mwenye duka, ambaye babu yake alitokea Pangani.

"Profesa alikuwa akija kununua daftari hapa," aliniambia. "Akishalipata anakaa pale kwenye gunia la chumvi, anaandika. Wateja wanamruka."

"Alikuwa mkali?"

"Kwa mashairi. Kwa watu, hata kuku hakuweza kumfukuza."

Asubuhi, bodaboda ikanipeleka Nyakakika, kijijini kwa Profesa. Vumbi jekundu, migomba kushoto, mibuni kulia, na kila tulipopita watu walisalimia kama waliokuwa wakinisubiri mimi. Nilifika nyumbani kwa marehemu nimebadilika rangi. Shati la heshima ndilo lililoumia zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, waitu. Karibu, umetoka mbali," alisema Mama Koku, mjane wake. Binti yao Jovitha, mtumishi wa wilaya kule Rubwera, alikuwa amekuja tangu jana. Akaniletea kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake. Nikaangaza macho kutafuta kikombe.

"Hakuna kikombe, kaka," Jovitha alicheka. "Hii ni akamwani. Inatafunwa. Mgeni hakaribishwi mikono mitupu."

Ndipo nikatoa kikopo changu na kukifungua. Mama Koku akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akachukua akamwani moja, akaipasua. Nusu akatafuna, nusu akaifunga kwenye jani. Nikamuuliza, hiyo ya nani? Akasema, ya kijana mmoja wa Tanga, ana kiburi lakini akikiacha ataandika. Nimemuudhi, nataka tuwe ndugu."

"Ndugu?"

"Ndiyo omukago. Watu wawili wanagawana buni moja, basi, wamekuwa ndugu, hawawekeani kinyongo. Zamani walitia na damu. Sisi Walutheri damu tuliiacha, buni tukabaki nayo."

"Lakini mama, hakuandika hata barua!"

"Angeandika nini? Huku hata mtoto anajua." Akanisogezea kikapu. "Kila akirudi likizo nilimuuliza, yule wa Tanga amekula? Anasema, bado, lakini atakula."

Nililia, siwezi kuficha. Miaka kumi na tisa mtu ananisubiri, nami nimemfungia kwenye kikopo.

"Mama, bado inafaa?"

"Imeoza? Haijaoza. Tafuna."

Nikatafuna. Nusura jino liende nayo. Ilikuwa chungu sana, na niliimeza yote.

Saa nne ibada ikaanza chini ya turubai. Zamu yangu ilipofika nilisoma shairi lile lile la ugomvi. Ubeti wa tatu, mzee wa kanisa wa benchi la mbele kidevu kikagusa kifua. Ubeti wa tano, Mama Koku mwenyewe akaziba mwayo kwa kanga. Nikashindwa kuendelea kwa kicheko. Ikanibidi nieleze kisa chote, na turubai zima likacheka, hata mzee wa kanisa akaamka na kupiga makofi bila kujua ni ya nini.

Kesho yake nilipanda basi la kurudi na kikapu cha akamwani mapajani. Kuhusu shairi, Profesa alikuwa sahihi. Kuhusu buni nilikosea mimi, na laiti ningekosea kuhusu shairi peke yake.

Hapa Tanga ninaye mwanafunzi, Mbwana. Muhula uliopita nilimwambia shairi lake halina chumvi, akasusa mpaka leo. Jana nilipasua akamwani moja, nikatafuna nusu yangu, na nusu yake nikaifunga vizuri. Ila mimi nimeambatanisha na barua, kurasa tatu, maana huyu naye ni mtu wa pwani.